Tuliza Mwili Kwanza, Ndipo Uongee: Maswali na Majibu Kuhusu Hasira

Maswali ya safari hii yanahusu ugomvi wa watu wanaoishi pamoja. Tumeyafupisha.

Nikianza tu kumweleza mume wangu kinachoniudhi, anainuka na kuondoka. Anarudi saa nne usiku kama vile hakuna kilichotokea. Anasema anakwepa hasira. Ni sawa? (Mama, Morogoro)

Kuondoka si kosa. Kosa ni kuondoka bila kuaga na kurudi bila kulimaliza jambo.

Mtu akipandwa na hasira, adrenalini huingia kwenye damu, moyo huenda mbio na misuli hukaza. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Chuo Kikuu cha Washington, aliwapima wanandoa mapigo ya moyo huku wakibishana. Mapigo yakishazidi 100 kwa dakika, mtu hasikilizi tena. Anajitetea au anashambulia. Baadhi yao walisimamishwa katikati ya ubishi kwa kisingizio kwamba mitambo inarekebishwa, wakapewa magazeti wasome kama nusu saa. Waliporudi kwenye mada ileile moyo ulikuwa umetulia, na wakaongea vizuri zaidi.

Basi chagueni siku ambayo hamjagombana, mkubaliane mambo matatu: maneno ya kuomba mapumziko ("naomba tupumzike kidogo" yanatosha), muda wa mapumziko, na nani atakayerudisha mazungumzo. Muda usipungue dakika 20, kwa sababu mwili hautulii upesi kuliko hapo, wala usizidi siku moja. Aliyeomba mapumziko ndiye anayerudisha mada. Tunadhani hapa ndipo penye shida yenu: yeye anaondoka, mada anakuachia wewe uibebe peke yako hadi ichoshe.

Kinachoharibu mapumziko ni kuyatumia kutunga hoja. Ukikaa uani dakika 20 ukijirudia kichwani "hata ndugu zake wananidharau", utarudi umechemka kuliko ulivyotoka. Fanya kazi ya mikono: fua, chambua mchele, mwagilia maua. Wapo pia wanaoshika Waefeso 4:26, jua lisichwe mkiwa bado na uchungu, wakalazimisha kumaliza ugomvi saa saba za usiku. Aya hiyo inakataza kulea kinyongo. Haimdai mtu aliyechoka na mwenye usingizi atoe hukumu usiku huohuo.

Nikikasirika napiga ukuta au mto ili hasira zitoke. Inasaidia? (Kijana, Mombasa)

Haisaidii. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, aliwaudhi wanafunzi makusudi, kisha akawapa baadhi yao mfuko wa mazoezi ya ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Hao ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi, kuliko hata waliokaa kimya tu. Ukipiga, mwili unazidi kupanda, na akili inajizoeza kwamba hasira huishia kwenye ngumi.

Fanya kinyume. Kaa chini, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4 na uitoe polepole ukihesabu 6, kwa dakika tatu hadi tano. Pumzi ya kutoka ndiyo inayopunguza kasi ya moyo, kwa hiyo iwe ndefu kuliko ya kuingia. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi kwa nguvu: kizunguzungu kinakuja, vidole vinafanya ganzi, wanadhani njia yenyewe ni mbovu. Punguza ujazo, usibadili mwendo.

Mama mkwe ananisema mbele ya wageni kuhusu malezi ya mtoto wangu. Nikijibu, naambiwa sina adabu. (Dada, Tanga)

Mbele ya wageni usijibu. "Sawa mama" inatosha, halafu endelea na kazi. Hujakubali kosa, umeahirisha.

Wa kwanza kuongea naye ni mumeo, kwa kuwa ni mama yake. Aende peke yake, na asiseme "mke wangu analalamika". Aseme kwa kinywa chake: "Mama, mimi naomba tukimkosoa mwenzangu tumwite pembeni." Hapo shauri linakuwa la mwana na mamaye, nawe hujageuka mshtaki.

Likiendelea, nenda mwenyewe, wakati ambao hana njaa wala haraka. Baada ya salamu omba nafasi: "Mama, nina jambo, naomba unisikilize." Ukiombwa ruhusa ni vigumu kukasirika kama ukivamiwa. Taja tukio moja na siku yake, namna lilivyokugusa, kisha ombi moja linalotekelezeka: "Jumapili, uliposema mbele ya wageni kwamba mtoto amekonda, niliona aibu sana. Naomba nikikosea uniite ndani uniambie." Maneno ya kuepuka ni "kila siku" na "siku zote". Ukiyasema atakumbuka siku moja aliyokusifu, na mazungumzo yatahamia huko.

Akikataa, usitoe orodha ya mengine. Sema umemsikia, rudia ombi mara moja, nyamaza. Na kama kuna alichosema kweli, kikiri mwanzoni kabisa. Hakuna kinachopoza mkubwa haraka kama hicho. Usimtume wifi. Maneno yanayopita kwa mtu wa tatu hufika yameongezewa chumvi. Mkishindwa kabisa, tafuteni mzee mnayemheshimu wote wawili, awasikilize mkiwa pamoja.

Ndugu yangu kanitukana kwenye grupu la familia la WhatsApp kwa sababu ya mchango wa harusi. Nijibu? (Dodoma)

Si kwenye grupu. Mpigie simu baada ya saa chache. Ujumbe wa sauti nao uache, maana sauti yenye hasira itasikilizwa tena na tena.

Mume wangu akikasirika ananipiga, kisha analia na kuomba radhi. Nimfundishe hayo ya kupumua? (Nairobi)

Hapana, dada yetu. Jiulize kama mumeo humpiga bosi wake anapomuudhi. Kama hampigi, anaweza kujizuia. Kwako anachagua kutojizuia. Kuongea kwako kwa upole hakutakulinda, na kupigwa si matokeo ya kauli yako.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, na unaweza kuomba mahakama imzuie asikukaribie. Simu 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni ya bure. Wasomaji wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumpiga mwenzake. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Ukipanga kuondoka usimtangazie, kwa kuwa hatari huongezeka wakati huo. Weka kwa mtu unayemwamini kitambulisho, vyeti vya watoto, nauli na nguo chache.