Krav maga inastahili sifa zake?

Dada, unauliza kama krav maga, ile mbinu ya kujihami kutoka Israeli, itakufaa ukitoka soko la Kadutu usiku. Mbinu zenyewe si uongo: mwanzilishi wake, Imi Lichtenfeld, alizifundisha jeshi la Israeli, na kumpiga mtu kinena kisha kukimbia ni akili nzuri. Shida ni mazoezi. Kwenye judo unashikana na mtu anayekataa kuanguka; kwenye klabu nyingi za krav maga mwenzako anasimama kama mgomba, akingoja umnyang'anye kisu cha plastiki. Mimi nilijiona shujaa hivyo miezi sita, hadi kijana wa judo akaniangusha mara nne (mwembamba, tena!). Kaangalie kwanza. Kama hawashindani kweli hata dakika mbili, usitoe franga zako. Na jambazi akitoa kisu cha kweli, mpe simu.