Mashine ya 40 imeishiwa nguvu Kigoma: ninunue kubwa au nimshushe msaidizi?

Maswali ya wasomaji. Anajibu Fundi wa Boti, Ujiji

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina boti ya faiba ya mita tano yenye mashine ya 40, yaani nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Nilipokuwa nayo Dar es Salaam, pale Msasani, ilimvuta mdogo wangu kwenye skii za maji bila kusumbua. Nimeihamishia Katonga. Mtu ni yuleyule, kamba ni ileile, lakini sasa boti inainua pua, inanguruma tu, haitaki kulala juu ya maji. Mdogo wangu anakokotwa, anakunywa maji, mwisho anaachia. Fundi mmoja amesema ninunue mashine ya 60. Jirani anasema nimshushe msaidizi anayekaa nyuma niendeshe peke yangu, maana ana kilo 80. Nifuate la nani?
Msomaji, Katonga

JIBU: Marahaba, mwanangu. La fundi liweke kando kwanza. La jirani usilifuate kabisa, na nitalirudia, maana ndilo lililonikosesha raha niliposoma barua yako.

Mashine yako si mbovu. Ziwa letu liko juu. Uso wa Tanganyika uko kama mita 773 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Msasani kwa karibu asilimia 8. Mashine isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani, inavuta hewa iliyopo, haina ya akiba. Kipimo cha mafundi ni kwamba kila ukipanda mita 300 mashine hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Piga hesabu: 40 yako huku ni kama 37. Tena maji baridi hubeba boti kidogo kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo nayo inakaa chini zaidi.

Utasema tatu ni kitu gani. Boti ikishalala juu ya maji, kweli hutaona tofauti. Kazi iko kwenye zile sekunde chache za kuondoka, boti inapopanda wimbi lake yenyewe na wakati huohuo inamng'oa mtu mzima majini. Hapo mashine inatoa yote iliyo nayo. Ikipungukiwa kidogo tu, inabaki imeinua pua vilevile ulivyoeleza. Wenzetu wa Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, wako mita 3,812. Huko mashine kama yako hubaki na nguvu zisizofika theluthi mbili, na bado watu wanaendesha boti. Wanabadilisha propela.

Nawe anzia hapo. Chomoa propela uisafishe kitovu, utaona namba mbili zimegongwa, tuseme 11 na 13. Ya kwanza ni upana wa duara. Ya pili ndiyo pichi, yaani inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia kwenye mbao. Pichi kubwa ni ya mwendo, pichi ndogo ni ya kuvuta. Hiyo uliyo nayo ilichaguliwa kwa hewa ya pwani. Shusha inchi moja, ikibidi mbili. Kila inchi unayoshusha huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, moto ukiwa umevutwa mpaka mwisho, yaani mashine imepewa mafuta yote.

Usipime kwa sikio. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa moto ukiwa mwisho, na zipo mita ndogo za bei nafuu ambazo waya wake unauzungushia tu kwenye waya wa plagi. Pakia boti kama siku ya mchezo, huyo wa skii naye akae ndani, tafuta maji yaliyotulia, vuta moto, soma. Ikikomea chini ya kiwango, pichi bado ni kubwa. Ikipita, umeshusha mno na utaiua mashine.

Kabla hujatoa hela ya propela, fungua plagi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, kabureta usiiguse. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta yanazidi hewa, na hapo ndipo fundi huzungumzia jeti ndogo, yaani vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli. Kwa mita 773 mara nyingi hatufiki huko, nami nakusihi usiharakishe: mashine ya kuchanganya oili ikinyimwa mafuta, pistoni inakwama. Na kama jeti zitabadilishwa, siku utakayorudisha boti pwani rudisha na jeti za zamani kabla hujawasha.

Kuhusu mashine ya 60, tafuta kibati cha boti kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa. Kama hakiruhusu kiasi hicho, usiifunge, maana ubao wa nyuma uliojengwa kwa mashine nyepesi utaanza kupasuka pembeni mwa boliti.

Sasa la jirani. Uzito wa kupunguza upo, tena mwingi: madumu ya petroli usiyoyahitaji kwa asubuhi moja, nanga ya pili, makreti, na yale maji yaliyotuama chini ya sakafu ambayo hakuna anayeyakumbuka. Toa vyote hivyo. Waliomo wasogee mbele wakati wa kuondoka, pua itashuka mapema. Lakini msaidizi abaki, akimtazama aliye kwenye kamba muda wote. Wewe dereva macho yako yako mbele, na lazima yawe mbele, maana maji ya Kigoma yana njia zake: boti za Kibirizi zinazoenda vijiji vya kaskazini, mitumbwi ya dagaa inayorudi asubuhi watu wamesinzia, nyavu zilizoachwa. Kamba ya skii ina mita 23. Mdogo wako akianguka, kinachobaki juu ya maji ni kichwa, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa boti inaacha zaidi ya mita 80 nyuma ndani ya sekunde kumi. Ukigeuka kumtafuta wewe mwenyewe, ni nani anayetazama mbele? Mtu hufa hivyo, mwanangu, si kwa kuzama bali kwa kugongwa.

Wafundishe wote wawili ishara. Kidole gumba juu, ongeza moto. Chini, punguza. Mkono ukipita shingoni, zima. Akishaanguka, anyooshe mkono juu kuonyesha kuwa ni mzima. Asipounyoosha, unamfuata kama mgonjwa. Mwendee polepole, umweke upande wa dereva umwone, na mashine izimwe kabisa kabla hajashika boti. Usimrudie kinyumenyume hata kama yuko karibu.

Na huyo mdogo wako naye anaweza kukupunguzia kazi. Avae skii mbili pana. Akae majini magoti yakiwa kifuani, mikono imenyooka, ncha za skii zimetokeza nje. Kaza kamba polepole mpaka isiwe na ulegevu, ndipo uvute. Asijivute kwa mikono wala asikimbilie kusimama, boti ndiyo itakayomsimamisha. Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota, Marekani, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922 kwenye Ziwa Pepin akivutwa na boti ya kaka yake Ben, alizama tena na tena mpaka alipoegemea nyuma akaziinua ncha juu ya maji. Alikuwa na miaka 18.

Nenda asubuhi, ila baada ya watu wa dagaa kuvuta vitu vyao nchi kavu. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi linavuma, na likishaanza kuchafua ziwa rudini. Boti yenyewe iwe imekaguliwa na kusajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini.

SWALI: Fundi, binti yangu wa miaka 12 anataka kuvutwa na boti ya mjomba wake. Kuogelea anajua kidogo tu. Jaketi la kuokolea halitoshi?
Mama, Ujiji

JIBU: Halitoshi, mama yangu. Ajifunze kwanza kuelea na kugeuka chali bila kuhangaika akiwa ndani ya jaketi, kwenye maji safi yasiyo na majani wala konokono, kwa ajili ya kichocho. Jaketi lenyewe lipime hivi: mfungie vifungo vyote, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni la mtu mzima, mtafutie la kwake. Siku ya kuvutwa, mjomba asizidishe kilomita 25 kwa saa, na wewe ukae kwenye boti. Waulize pia wavuvi wa eneo hilo kama mamba au kiboko ameonekana siku za karibuni. Wao huwa wanajua.

SWALI: Sisi tuko Tabora. Je, bwawa la Igombe linafaa kwa mchezo huu?
Kijana, Tabora

JIBU: Bwawa la Igombe lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji. Petroli na oili ya mashine havina nafasi mle, hata kama mlinzi hayupo. Panda treni, njoo Kigoma. Na kama mashine unayo tayari, kumbuka Tabora iko karibu mita 1,200: propela mtakayoipima huko mtaipima upya mkifika huku.