Baiskeli ya kukodi Hell's Gate

SWALI: Nataka kumpeleka binti yangu wa miaka 13 mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, tuendeshe baiskeli za kukodi. Nikague nini kabla ya kulipa, na ataweza ile njia?

JIBU: Ataweza, mradi msisahau kurudi. Kutoka lango la Elsa hadi korongoni ni kama kilomita 8, nyingi zake mteremko. Marejeo ni kupanda, jua likiwa la utosi. Bebeni lita mbili za maji kila mmoja.

Kabla ya kulipa, bana breki ya mbele na usukume baiskeli. Gurudumu la mbele likizunguka, ikatae. Jaribu gia zote, hasa ile nyepesi kabisa. Kisha bonyeza tairi: mara nyingi huwa limejazwa upepo likawa gumu kama jiwe, na kwenye vumbi laini la majivu ya volkano tairi gumu huzama na kuteleza. Kwa tairi la inchi 2, psi 35 hivi (kipimo cha upepo kwenye pampu) zinatosha. Usishushe mno, maana ukigonga jiwe rimu itabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ombeni pampu na tyubu ya akiba, miiba ipo.

Kwenye mchanga, gia nyepesi, uzito nyuma, endelea kukanyaga, na breki ya mbele iacheni. Magari ni machache ila hutimua vumbi. Kaeni kando yapite.

Pundamilia na twiga hawana shida. Nyati akiwa karibu na njia, simameni mbali mngoje. Mawingu yakitanda, korongoni msishuke: mafuriko ya ghafla yamewahi kuua watu mle.