Mgonjwa wa kiharusi na glasi ya maji

Hapa Makorora, Tanga, tunamuuguza mjomba aliyepata kiharusi kikamlegeza upande wa kulia. Ningependa kila familia yenye mgonjwa kama huyu ijue mapema kwamba cha kuogopa zaidi mara nyingi si wali wala nyama. Ni maji.

Mtu akimeza, koromeo hupanda na njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi ili chakula kipite kwenda tumboni. Kazi hiyo inaendeshwa na ubongo. Ubongo ukiumia, kwa kiharusi, kwa ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka na kukakamaa) au kwa maradhi ya kusahau ya uzeeni, koromeo huchelewa kupanda. Tonge laini na zito hushuka polepole, lakini maji yanakuwa yameshafika kooni njia ya hewa ikiwa bado wazi, nayo huingia mapafuni. Nimonia nyingi za wagonjwa hawa huanzia hapo.

Wengi husubiri kusikia kikohozi ndipo washtuke. Msisubiri. Wapo wanaopaliwa kimya kimya, kwa sababu koo limepoteza hisia. Mjomba alikuwa akinywa chai bila kukohoa hata kidogo, ila akisema "ahsante mwanangu" sauti inatoka ya majimaji, kama mtu anayeongea na mate kooni. Muuguzi ndiye aliyetuambia tuisikilize sauti hiyo. Dalili nyingine ni homa zinazorudi rudi, kukonda, mlo usiokwisha, na chakula kubaki shavuni upande uliolegea. Ukiziona, mpeleke hospitali akapimwe umezaji, na msimpe kitu mdomoni mpaka mpate maelekezo. Wataalamu wa kazi hii ni wachache nchini, kwa hiyo ulizia pia kwa daktari na kwa watu wa fiziotherapia.

Baada ya kupimwa, mjomba aliruhusiwa uji mzito na vyakula vilivyopondwa. Anakaa wima kabisa kwenye kiti, miguu chini, na baada ya kula haegemei wala halali kwa nusu saa hivi. Tunatumia kijiko cha chai. Tunamwekea upande ulio mzima, kisha tunangoja tuone koromeo limepanda na kushuka ndipo kijiko kingine kifuate. Redio inazimwa, maana akicheka au akijibu salamu huku tonge liko mdomoni, njia ya hewa inafunguka.

Machungwa ya Muheza tumeyaacha. Ukilitafuna, maji yanakimbia mbele na nyama yake inabaki nyuma, na mgonjwa hawezi kuvimudu vyote kwa pamoja. Bada, ugali wa muhogo, nayo inanata. Na wageni wanaokuja kumjulia hali na juisi mkononi, waelezeni kwa upole mlangoni, kabla hawajamkaribia.

Mdomo usafishwe asubuhi na usiku, hata kama hali kitu. Mate yenye vijidudu yakiteremka mapafuni huleta maradhi vilevile.

Kwa mwenye Parkinson, muulizeni daktari kama mlo unaweza kupangwa wakati dawa imeshaanza kufanya kazi, maana hapo misuli humtii zaidi. Na vidonge visisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia: vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu, ukivisaga dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja.