Kuvua besi kwa mashindano au kwa starehe: kinachobadilika ni hesabu

Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtu alipe kiingilio, aamke usiku wa manane na kukimbizana na saa kutwa nzima, ilhali besi, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, ni yuleyule anayepatikana siku yoyote kwa mshipi, ndoano na leseni ya uvuvi? Wengi hujibu kwa haraka kwamba ni pesa au sifa. Sikubaliani nao. Pesa kwa wengi haipo: mashindano ya kawaida hulipa nafasi chache za juu tu, kama boti moja katika kila tano au saba, na mshindi wa nafasi ya mwisho inayolipwa mara nyingi hurudishiwa kiingilio chake na ziada kidogo. Ukiweka mafuta, vyambo na malazi, hasara ni jambo la kawaida. Kinachowarudisha watu ni hesabu ya samaki watano, na asiyeielewa hiyo hawezi kuelewa utamu wa mashindano.

Katika mashindano mengi ya Marekani unaruhusiwa kupeleka mizanini besi watano tu kwa siku, wakiwa hai, wenye urefu usiopungua kiwango kilichowekwa, mara nyingi inchi 12, yaani kama sentimita 30, au zaidi kulingana na ziwa. Sasa chukua mtu aliyevua besi 40 wenye uzito wa pauni moja na nusu kila mmoja (pauni ni kama nusu kilo). Kwa starehe, hiyo ni siku ya kusimulia mwaka mzima. Mizanini ana pauni saba na nusu, na huenda jina lake likawa chini kabisa kwenye orodha. Jirani yake, samaki saba tu walikula chambo chake, lakini watano kati yao ni wa pauni tatu na nusu: ana pauni 17 na nusu. Huyu amekaa saa nzima bila kuguswa, zaidi ya mara moja, naye ndiye aliyevua vizuri.

Hapo ndipo akili inapoanza kufanya kazi tofauti. Ukishafikisha watano, samaki mdogo hana thamani yoyote tena, hata akivutwa kwa raha kiasi gani. Ukitoa wa pauni mbili ukaweka wa pauni nne, umeongeza mbili. Kwa hiyo saa nne asubuhi, tangi la boti linalohifadhi samaki hai likiwa na watano wadogo, lazima uamue: ubaki hapa ambapo wanakula kila dakika kumi, au uende kwenye miti iliyozama ambako huenda ukapata mmoja mkubwa, huenda usipate hata mmoja? Mvuvi wa starehe haulizwi swali hilo kamwe. Mshindani anaulizwa mara tano sita kwa siku, na kila jibu lina gharama inayopimika.

Gharama hiyo ni muda. Siku ya mashindano ni kama saa nane majini, dakika 480. Safari ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi inabakiza 420. Kurusha na kuvuta chambo mara moja huchukua kati ya nusu dakika na dakika nzima, hivyo kuhama kwa dakika 15 ni kutupa mirusho 15 hadi 30. Na kuchelewa kunauma zaidi: kwa kanuni za B.A.S.S., chama cha Marekani kinachoandaa mashindano ya besi, kila dakika moja ya kuchelewa kurudi kuripoti inakatwa pauni moja, na ukipitisha dakika 15 unapoteza samaki wote wa siku. Hesabu ya kurudi lazima iweke upepo ndani yake. Ziwa lililokuwa kioo alfajiri likiwa na mawimbi ya nusu mita mchana, safari ya dakika 30 inakuwa ya saa nzima. Hili ndilo kosa namba moja la wageni, na linatokea siku waliyovua vizuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku ambayo hawataki kuondoka.

Nisisitize pia kazi ya kubadilisha samaki, maana wengi hupoteza mashindano hapo bila kujua. Samaki wa sita akiingia, mmoja lazima atoke palepale kabla hujarusha tena. Kubaki na sita tangini ni adhabu. Funga kila samaki kibanio chenye rangi au namba kwenye ngozi laini ya taya ya chini, pima uzito anapoingia, andika. Anayesubiri tangi lijae ndipo apime wote anapoteza dakika kumi wakati samaki wanakula. Mizani ndogo ya kuning'iniza hudanganya aunsi moja mbili boti ikiyumba, na aunsi ni sehemu ya kumi na sita ya pauni. Kwa samaki wawili wanaokaribiana, tumia ufito wa kusawazisha: ning'iniza mmoja kila upande, aliye mzito atashuka. Msimamo mzima wa nafasi za juu unaweza kuamuliwa na aunsi hizo.

Kuna upande mwingine wa mvuto usiozungumzwa sana, nao ni siku za mazoezi. Wenye uzoefu hukata ncha ya ndoano au kuifunika kwa kipande cha plastiki, wakihisi samaki ameshika wanalegeza mshipi ili aachie chambo. Sababu ni moja: besi aliyechomwa leo ana nafasi ndogo ya kula chambo kilekile kesho kutwa. Kwa hiyo unatumia siku mbili tatu kutafuta samaki ambao hutaki kuwavua. Kwa mvuvi wa starehe huo ni wazimu. Kwa anayependa kutatua fumbo, ndizo siku bora kuliko zote: wako kina gani, kwenye magugu au mawe, wanafuata samaki wadogo au wanajiandaa kutaga, chambo kiende upesi au kitambae chini? Ukipata jibu linalofanya kazi sehemu tatu tofauti za ziwa, una mpangilio. Ukipata sehemu moja tu yenye samaki, una bahati, na bahati huisha siku ya pili boti nyingine ikikutangulia pale.

Ndiyo maana umri hauwaangushi watu katika mchezo huu kama michezo mingine. Mvuvi Rick Clunn, aliyeshinda Bassmaster Classic, mashindano makuu ya B.A.S.S., mara nne kati ya 1976 na 1990, alishinda mashindano mengine ya B.A.S.S. kwenye mto St. Johns, Florida, mwaka 2019 akiwa na miaka 72. Mkono ulikuwa wa mzee. Maamuzi yalikuwa ya bingwa.

Sasa niseme wazi kile ambacho mashindano yanakunyang'anya. Chambo hai hakiruhusiwi. Ni vyambo bandia tu. Katika ngazi za juu hata wavu wa mkono unakatazwa kwenye baadhi ya mashindano, samaki anainuliwa kwa mkono. Taarifa kutoka kwa wenyeji wa ziwa zinapigwa marufuku kuanzia tarehe fulani kabla ya mashindano, hata ukipewa bila kuomba. Hutachagua siku: wimbi la baridi likipita usiku na maji yakishuka nyuzi kadhaa, bado utatoka, na besi waliokuwa wakifukuza chambo jana watakuwa wamejibana kwenye magugu wakihitaji chambo kidogo kinachoburutwa polepole mno. Na hutakuwa huru kumfuata samaki mmoja mkubwa uliyemwona, kwa sababu kumfuata kwa saa tatu ni kuchezea siku yote.

Huo uhuru si kitu kidogo. Besi mkubwa kuliko wote kwenye rekodi za dunia, wa pauni 22 na aunsi 4, alivuliwa na George Perry huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, siku ambayo hakukuwa na mizani ya mashindano wala saa ya kurudi. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua mwingine Ziwa Biwa, Japani, mzito kidogo zaidi, lakini kwa kuwa rekodi ya samaki wa uzito huo huvunjwa kwa tofauti isiyopungua aunsi mbili, wakahesabiwa sare. Anayeota samaki wa maisha yake avue kwa starehe, usiku, kwa chambo anachotaka, arudi mahali palepale wiki baada ya wiki. Mashindano yanashindwa kwa samaki wa pauni tatu na nne.

Suala la afya ya samaki nalipa uzito mkubwa, na sioni kama mshindani anaweza kulikwepa. Ray Scott aliandaa mashindano yake ya kwanza Beaver Lake, Arkansas, mwaka 1967, akaanzisha B.A.S.S. mwaka uliofuata, na mwaka 1972 akaanza kuhimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai. Matangi yenye pampu za hewa tunayoyaona kwenye boti zote leo yalisambaa kwa msukumo huo. Ni sifa kubwa kwa mashindano. Lakini tangi ni jela yenye joto ukilizembea. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na besi watano wakubwa wanaimaliza haraka. Majira ya joto acha pampu iendeshe mfululizo, usiiweke kwenye mzunguko wa dakika chache. Tumia chupa za maji zilizogandishwa badala ya barafu ya bombani yenye klorini. Shusha joto la tangi nyuzi tatu hadi nne za selsiasi chini ya joto la ziwa, usizidi hapo. Chumvi isiyo na iodini, kama gramu 5 kwa lita, humsaidia samaki aliyechoka. Kwenye mfuko wa kupelekea mizanini asikae zaidi ya dakika mbili. Na kila samaki anayekufa anakatwa uzito, mara nyingi aunsi nne, kwa hiyo uzembe unalipiwa mara mbili.

Kinachonisumbua zaidi ni majira ya kutaga. Dume ndiye anayelinda kiota, na akiondolewa hata kwa muda mfupi, samaki wadogo huvamia mayai. Mvuvi wa starehe akimwachia palepale, dume hurudi baada ya dakika chache. Wa mashindano anasafirishwa maili kadhaa hadi mizanini na kuachiwa huko, na wengi hubaki karibu na pale walipoachiwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana napendelea mfumo ambao samaki hupimwa ndani ya boti mbele ya mwamuzi na kurudishwa papo hapo, kama Bass Pro Tour, mfululizo wa mashindano ya wavuvi wa kulipwa, ilivyoanza kufanya mwaka 2019. Katika mtindo huo wa mwanzo kila besi aliyefikisha uzito wa chini alihesabiwa, kwa hiyo hata ile hesabu ya watano ilivunjika, na mchezo ukawa wa kasi.

Uaminifu nao ni sehemu ya gharama. Septemba 2022 huko Ohio, katika mashindano ya samaki wa aina nyingine, wavuvi wawili walikutwa wamejaza chubwi, yaani vizito vya madini ya risasi, ndani ya samaki wao. Usishangae basi ukiambiwa kwamba mshindi anaweza kupimwa kwa mashine ya kugundua uongo kabla ya kulipwa. Ni aibu kwamba inahitajika, na ni afadhali iwepo.

Kwa anayetaka kujaribu: usianze kwa kununua boti. Boti mpya ya futi 20 yenye injini ya nguvu-farasi 250, mota ya umeme ya mbele na sonari za kisasa (vyombo vya kuonyesha samaki chini ya maji) inaweza kupita dola 80,000, na hakuna kinachohuzunisha kama boti hiyo mikononi mwa mtu aliyegundua kwamba hapendi mashindano. Tafuta klabu inayokubali mvuvi wa nyuma. Utavua ukiwa nyuma ya mwenye boti, maji yote mazuri akiyapitia yeye kwanza, hivyo beba kile ambacho hatumii: yeye akirusha chambo cha kasi, wewe tumia mnyoo wa plastiki wa inchi 5 usio na chubwi, unaozama polepole. Fimbo nne zinatosha.

Au nenda na kayaki. Huko samaki hapimwi uzito, anapimwa urefu: unamlaza kwenye ubao wenye vipimo, mdomo umefungwa na kugusa ukingo, kadi yenye alama ya siku ikionekana, unapiga picha, unamwachia. Jumla ya urefu wa watano ndiyo alama yako. Makosa ni mawili karibu siku zote. La kwanza, kidole kinafunika mkia au kinaingia chini ya shavu, na waamuzi wanakata au wanaikataa picha. La pili, ubao mkavu uliopigwa na jua unamwunguza samaki, anaruka, anarudi majini kabla ya picha. Loweka ubao kwanza, na piga picha ukiwa umeuweka juu ya mapaja, si pembeni.

Kabla hata ya hapo kuna jaribio lisilogharimu kitu. Chagua siku tatu za kawaida za kuvua. Weka saa nane kamili, vyambo bandia tu, watano bora ndio wahesabiwe, pima na kuachia kila mmoja palepale na kuandika uzito na saa. Ukichelewa kufika gatini hata dakika tano, toa pauni tano. Siku ya tatu soma daftari lako: kama unajikuta unabishana na uamuzi wa saa nne asubuhi na unataka kurudi kuurekebisha, jiandikishe. Kama unakumbuka samaki tu, na daftari lilikukera, weka daftari nyumbani na uendelee kuvua ulivyokuwa ukivua.