Theluji imekula siku za shule, nani atazilipa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaishi mashariki mwa Kentucky, huku milimani, na wanangu wawili wanasoma shule ya hapa. Theluji ikianguka hata kidogo tu, shule inafungwa kwa sababu mabasi hayawezi kupanda njia zetu. Februari wameshinda nyumbani karibu wiki nzima. Sasa tumeletewa karatasi: siku ya kufunga shule imesogezwa, na huenda ikasogezwa tena. Mimi nina kazi ya msimu inaanza Juni. Kwani hawawezi kupanga mapema, wakati kila mtu anajua theluji lazima ije?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanaweza, na kwa kiasi fulani sheria imeshawalazimisha. Kentucky inadai siku za masomo zisizopungua 170 na saa zisizopungua 1,062, vyote kwa pamoja. Tena bodi ya elimu ya wilaya inapopitisha kalenda, lazima itenge siku za kufidia, na kipimo chake ni mwaka uliopoteza siku nyingi kuliko yote katika mitano iliyopita. Theluji yako basi ilikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo. Ugomvi wangu ni mahali akiba hiyo inapowekwa. Kuibandika yote mwishoni, Mei na Juni, ni rahisi kwa anayepanga, na mzigo anaubeba mzazi.

Ningekuwa mimi, ningeitawanya. Ijumaa moja ya Februari, Jumatatu fulani ya mapumziko, siku mbili za likizo ya machipuko. Zote zitangazwe tangu Agosti kwa zamu, ikitumika hii inafuata ile. Theluji isipokuja, watoto wapumzike. Watakaolalamika ni waliokwisha kukata tiketi za safari, ndiyo maana nasema orodha itoke Agosti.

Utasikia pia watu wakisema tuongeze dakika. Hesabu yake inapendeza: nusu saa zaidi kila siku, kwa siku 13, inarudisha siku nzima ya saa sita na nusu. Lakini mimi nimeshika chaki miaka mingi, najua nusu saa hiyo huishia wapi. Igawe kwa vipindi saba, kila kipindi kinapata dakika nne na ushei. Dakika nne ni kuita majina, na kumsubiri yule wa dawati la nyuma anayetafuta penseli yake kila siku ya Mungu. Tena dakika zinalipa deni la saa tu; zile siku 170 bado zinakudai. Nafuu wanayo wanaochelewa kufungua mwaka, kuanzia Jumatatu iliyo karibu na tarehe 26 Agosti: hao wanaruhusiwa kuhesabu saa peke yake. Kwa siku ya saa saba, 152 zinatosha.

Halafu kuna NTI, masomo ya nyumbani ambayo jimbo zima liliruhusiwa kuyatumia tangu 2014, kwa kawaida hadi siku 10 kwa mwaka, wilaya ikiwa na mpango ulioidhinishwa. Siku hizo zinahesabika kama za shule. Sizikatai, ila mtoto wa darasa la kwanza anahitaji mtu mzima wa kukaa naye. Kama intaneti ya kwenu inasuasua, omba kazi za karatasi sasa hivi, kabla barabara hazijafungwa. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba maelezo kwa Kiswahili bila kuona haya: chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa.

Kwa Juni hii, usiulize shule inafungwa lini. Uliza: akiba yote ikitumika, siku ya mwisho kabisa ni ipi? Tarehe hiyo ndiyo umpe mwajiri. Kwa mwakani, nenda ofisi ya wilaya uulizie kamati ya kalenda. Sheria inataka wazazi wawili wawemo, na sioni kwa nini mmoja asiwe mtu anayeishi juu huko ambako basi halifiki.