PDF ya MB 140 imegoma kwenda kwa barua pepe: jibu langu kwa mleta mada wa Lindi

Mkuu mleta mada, salama? Nimepitia uzi wote. Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa yuko Lindi mjini na ana vitu viwili: PDF ya MB 140, nyaraka za kikundi chao cha mwani zilizoskaniwa, kurasa kama themanini, na video ya dakika tano ya mradi, GB 1.7, aliyoipiga kwa simu. Vyote vinatakiwa Dodoma kabla ya Ijumaa. Barua pepe kila akituma inarudi. Mmoja kamshauri alipie nafasi zaidi Google, mwingine kasema WeTransfer, tovuti ya kutuma faili kwa linki, inamaliza kila kitu, na kuna aliyemwambia aweke kwenye flashi ampe kondakta. Mmemcheka huyo wa kondakta, nitamrudia baadaye.

Mimi niko Mtwara, nina steshenari upande wa Ligula. Wateja wangu ni makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima), walimu, makandarasi wadogo wanaokesha na zabuni za NeST (mfumo wa ununuzi wa serikali), na wapiga picha za harusi. Hili la faili kukataa kwenda ni kazi ya kila wiki, na msimu wa korosho ukifunguliwa ni kila siku. Msimamo wangu hautofautiani sana na wa fundi yeyote wa mizigo: kabla ya kutafuta gari kubwa, fungua gunia uone umefunga nini.

Gawanya mwenyewe, MB 140 kwa kurasa themanini. Kila ukurasa unakula karibu MB 1.75. Ukurasa wa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe hauna sababu yoyote ya kula kiasi hicho. Mashine iliachwa kwenye rangi na kwenye 300 dpi (nukta kwa kila inchi), au kurasa zilipigwa picha kwa simu. A4 kwa 300 dpi ni nukta 2,480 kwa 3,508, yaani milioni nane na ushee kwa ukurasa mmoja. Ukishusha hadi 150 dpi nukta zinabaki robo. Ukitoa rangi ukaacha kijivu, inapungua tena.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye utamu wote. Kuna katibu wa chama cha msingi aliniletea muhtasari wa mkutano mkuu kwenye simu, amepiga picha kurasa zote mezani kwake. Meza ina kitambaa cha maua. Kila ukurasa una ua pembeni, una kivuli cha mkono wake, na karatasi yenyewe imekuwa ya njano kwa sababu ya taa. Jicho la mtu linayapita hayo yote, simu haiyapiti: kila petali na kila mkunjo wa kitambaa umehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, na ndio uliokuwa unakula MB. Tukaziweka karatasi zenyewe kwenye skana, kijivu, 200 dpi, kurasa mbili zenye mihuri tukaziacha na rangi. Faili lililokuwa limepita MB mia likaingia kwenye barua pepe ya kawaida bila kuguswa tena.

Mihuri uiangalie hasa. Ofisi nyingine zikiona muhuri wa kijivu zinasema umeleta nakala ya nakala. Kwa hiyo kurasa za muhuri na sahihi ziwe na rangi, nyingine zote kijivu. Na usishuke chini ya 150 dpi kwa pupa: ukikuza utaona 3 na 8 zimefanana, na kwenye namba ya akaunti ya benki hilo si jambo la utani.

Halafu kuna kitu kinaniuma sana nikikiona. Mtu kaandika barua kwenye Word, kaiprinti, kaiskani, ndipo anaituma. Kwa nini? Kama haihitaji sahihi ya kalamu, ihifadhi moja kwa moja kama PDF kutoka kwenye Word. Kurasa kumi za maandishi zitakuwa na KB mia kadhaa tu, na mpokeaji anaweza kutafuta neno ndani yake. Katika hizo themanini zako, nina hakika nusu ziko kwenye kompyuta ya mtu.

Waliosema "zip tu mkuu" wanakupotezea muda. Picha za JPEG na video za MP4 tayari zimebanwa, ukizizipu unapata upungufu wa kuhesabia vidole. Zipu inafaa kwa kukusanya faili nyingi ziwe moja, au kwa mafaili ya maandishi na majedwali. Na zile tovuti za bure za kubana PDF zinafanya kazi, sibishi, ila kumbuka unapandisha nakala za vitambulisho vya NIDA vya wanakikundi kwenye seva ya mtu usiyemjua. Mimi kwa nyaraka za namna hiyo sizitumii.

Sasa vikomo. Gmail inaruhusu kutuma hadi MB 25, Yahoo vilevile. iCloud ni MB 20. Lakini kuna jambo linalowachanganya watu: faili la MB 20 linarudi kutoka kwenye ofisi iliyosema inapokea MB 25. Sababu ni ya zamani. Barua pepe ilibuniwa kubeba herufi tupu, si picha. Viambatanisho vilipopewa utaratibu wake mwaka 1992, njia iliyotumika ni kugeuza faili liwe herufi: kila baiti tatu zinaandikwa kwa herufi nne. Mzigo unaongezeka theluthi nzima na kidogo juu yake. MB 20 yako inafika mlangoni ikiwa MB 27, na seva nyingi zinapima baada ya kugeuzwa. Kwa hiyo ukiambiwa 25, wewe jihesabie 18.

Na kikomo si chako peke yako, kuna cha mpokeaji. Exchange ya Microsoft, mfumo wa barua pepe ule ambao ofisi inaufunga kwenye seva yake yenyewe, unakuja na kikomo cha MB 10, na kama fundi wao hakukibadilisha ndiyo hivyo hivyo. Ndiyo maana mimi barua ya kwenda ofisi yoyote naiweka chini ya MB 7. Zikizidi, nagawa PDF yenyewe sehemu mbili au tatu zenye majina yanayoeleweka: sehemu ya 1 usajili, sehemu ya 2 mihtasari, sehemu ya 3 hesabu. Afisa anazifungua kama kawaida, hahitaji programu yoyote.

Umesema "imerudi" ila hukusema imerudi na maneno gani. Ile barua ya Mailer-Daemon, inayokuja yenyewe kukuambia ujumbe haukufika, watu wanaifuta bila kuisoma, na jibu limo humo. Tafuta namba tatu zenye nukta. 5.3.4 maana yake ujumbe ni mkubwa kuliko mfumo unavyokubali. 5.2.2 ni kikasha cha mpokeaji kimejaa, hapo hata ukituma KB 50 itarudi, mpigie simu afute vitu. 5.1.1 ni anwani haipo, umekosea herufi. Nimeona mtu akihangaika kubana faili wakati kwenye anwani aliandika "go.zt".

Kuhusu video. GB 1.7 kwa dakika tano inaniambia simu yako ilikuwa kwenye 4K, ubora mkubwa sana wa picha. Kwa iPhone, mfano, dakika moja ya 4K kwa mfumo wa "Most Compatible", picha 30 kwa sekunde, inakula karibu MB 350, wakati 1080p, ngazi ya chini yake, ni kama MB 130. Maafisa watakaoiangalia watatumia kompyuta ya ofisini, labda na projekta ya chumba cha mikutano. Hawatahitaji kuona chumvi kwenye kila kamba ya mwani. Chukua HandBrake, programu ya bure ya kupunguza video, ipitishe kwa 720p, ngazi ya chini zaidi, utabaki na kitu cha MB mia moja hivi, na usipoweka ile ya zamani pembeni hutaona tofauti kwenye skrini ya laptopu. Hiyo hata hivyo haiendi kama kiambatanisho. Hiyo ni ya linki.

Linki ndiyo njia ya kweli kwa kitu chochote kinachozidi hiyo MB 18. Gmail yenyewe ukizidisha 25 inakupeleka Google Drive, hifadhi yao ya mtandaoni, bila kuuliza sana. Akaunti ya bure ina GB 15, lakini hizo ni za Drive, Gmail na picha zako kwa pamoja, kwa hiyo kabla ya kulipia nafasi kama ulivyoshauriwa, futa kwanza video za vichekesho zilizojaa humo. OneDrive bure ni GB 5, Dropbox GB 2.

Linki nyingi zinakufa kwa sababu moja tu ya kijinga: ruhusa. Ukipakia faili Drive, linabaki lako peke yako mpaka useme vinginevyo. Unanakili linki, unaituma, na kwako inafunguka vizuri kabisa kwa sababu ni wewe mwenye faili. Afisa akibonyeza anaambiwa aombe ruhusa. Ombi linakuja kwenye barua pepe usiyoifungua. Yeye anaandika "nyaraka hazikuwasilishwa". Badilisha iwe mtu yeyote mwenye linki anaweza kutazama, halafu ijaribu kwenye dirisha la siri la kivinjari, au kwenye simu ya jirani ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Kwake ikifunguka, tuma.

WeTransfer ni rahisi na mpokeaji hahitaji akaunti, nakubali. Shida yake kwetu ni kwamba linki ya bure inakufa baada ya siku chache. Ukituma Ijumaa, afisa yuko safari ya kikazi, anarudi anakuta mlango umefungwa. Kwa mpiga picha na bwana harusi wanaoongea kila saa, sawa. Kwa ofisi, Drive.

WhatsApp je? Tangu 2022 inabeba faili hadi GB 2, ila itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inaikamua yenyewe hadi sura hazitambuliki. Mimi naitumia kama nyongeza, nikishatuma barua pepe, kwa sababu kwenye barua pepe kuna tarehe na saa ya ushahidi. Na ule ushauri wa kukata faili vipande kwa programu ya 7-Zip, 001, 002, 003, mwambie mtu mwenye 7-Zip kwake. Kompyuta za serikali mara nyingi mtumishi hana ruhusa ya kuweka programu, na kipande kimoja kikipotea hakuna kinachofunguka.

Sasa yule wa kondakta. Mpiga picha wa hapa mjini ana harusi nzima, GB 64 za video ghafi, mhariri yuko Dar. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 2 (megabiti kwa sekunde, nane ndizo MB moja), ambayo ndiyo nayoipata mimi mchana kwenye bando la kawaida, hizo ni saa 71, siku tatu kasoro, umeme usipokatika. Basi linatoka Mtwara alfajiri na jioni liko Dar. Kwa hiyo flashi mbili zenye kitu kilekile, moja inabaki kwako, na namba ya simu ya mpokeaji juu ya bahasha. Hakuna cha kuchekesha hapo. Ingawa Mei 2024 hata hilo lilitushinda: mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kubembeleza. Tulikaa tu.

Jambo la faragha nalitaja haraka. Kama kuna orodha za watu na namba zao za vitambulisho, usiziweke kwenye linki ya wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023. Kwenye Drive weka ruhusa kwa anwani ya afisa huyo peke yake, ila muulize kwanza kama anwani hiyo ina akaunti ya Google, la sivyo atakwama.

Kwa Ijumaa yako, basi: leo skani upya, kijivu 200 dpi, mihuri kwa rangi, PDF tatu. Video ipunguze usiku huu, ipandishe bando la usiku likianza. Asubuhi tuma PDF zote, kila moja na barua pepe yake, linki ya video uiweke kwenye ya kwanza, na ndani uandike majina ya mafaili na ukubwa wake ili afisa ajue kama kuna lililopungua. Halafu piga simu, usiseme "umepata?", sema "naomba uifungue video nikiwa hewani". Na hilo faili la Drive usilifute wala usilihamishe folda ya mtu mwingine mpaka watoe matokeo, maana wajumbe wengine wa kamati watabonyeza linki hiyohiyo wiki mbili baadaye.